Mkaguzi wa Tatu Ana Mafua

Kama wiki iliyopita gazeti lilikupita, pole, lakini machozi yangu siyarudii yote. Nakupa kwa ufupi.

Nilifanya kazi miaka tisa kwenye kampuni ya maabara, wale wanaopima damu za watu, nikiandika programu zinazoendesha shughuli zao. Bosi wetu tulimbatiza Mwelekeo, kwa sababu hawezi kuomba hata chai bila kusema "mwelekeo wetu". Siku moja akaamua kazi yote ya programu ihamishiwe kampuni ya nchi jirani, ambako watu ni wa bei nafuu. Tulimwaga unga watu kumi na mmoja kwa siku moja. Kabla sijaondoka nikaamriwa nimfundishe kazi mtu wa huko atakayechukua nafasi yangu. Wiki tatu nikamfundisha kupitia skrini ya kompyuta, nikitabasamu usoni na kulaani tumboni.

Miezi mitano nikazunguka kubisha hodi kwenye ofisi za watu. Hakuna aliyefungua. Nikapanda basi, nikavuka mpaka, nikaenda kumwomba kazi yule yule niliyemfundisha.

Akanipa. Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita.

Mnaocheka, chekeni. Msomaji mmoja amenitumia ujumbe kunishauri nimsamehe bosi wangu ili nipate amani ya moyo. Namjibu hapa hapa: anza wewe, mimi nitafuata.

Sasa elewa kichekesho chenyewe. Kila siku saa mbili asubuhi naingia kwenye chumba kimoja kirefu, juu ya duka la magodoro. Meza moja, watu wanane, feni moja inayopuliza upande wa wakubwa tu. Nafanya kazi ile ile niliyofukuzwa. Namfanyia bosi yule yule aliyenifukuza. Mfumo ni ule ule na makosa yake ni yale yale, mengine niliyaandika mwenyewe. Kilichobadilika ni kwamba mshahara umekuwa theluthi, na sasa nasifiwa.

Jina langu halitajwi. Mkataba kati ya kampuni hizi mbili una kifungu chenye meno: kwa miaka miwili, huku hawaruhusiwi kumwajiri mtu yeyote aliyefukuzwa kule. Wakigundulika, mkataba unavunjwa siku hiyo hiyo na chumba kizima kinarudi nyumbani. Kwa hiyo kwenye karatasi zote mimi ni Mkaguzi wa Tatu. Kwenye mikutano kamera yangu imezimwa na sauti yangu haisikiki, maana nina mafua ya koo. Nina mafua ya koo mwezi wa nne sasa.

Aliyebuni mafua hayo ni Mwanafunzi. Ndivyo ninavyomwita huyo niliyemfundisha, ingawa siku hizi ndiye kiongozi wangu, na yeye bado ananiita Mwalimu. Ni mtu wa makamo, mpole, mwenye mashati yaliyopigwa pasi hadi yanaweza kusimama yenyewe. Alijitia kitanzini kwa ajili yangu na hajanikumbusha hata mara moja.

Twende Jumatatu iliyopita, mkutano wa asubuhi.

Mwelekeo amejaa kwenye skrini, na nyuma yake ile ramani yake: nchi yetu, nchi hii, na mshale mwekundu katikati. Zamani sehemu ya kazi waliipeleka nchi ya mbali kabisa, ambako sisi tukiamka wenzetu wanapanda kitandani. Ukiuliza Jumatatu unajibiwa Jumatano. Ndipo Mwelekeo alipomwajiri mshauri mmoja wa suti, na mshauri akafanya utafiti wa miezi mitatu, akagundua kwamba nchi jirani iko karibu. Mwelekeo alisimama akapiga makofi. Nilikuwepo, nilimwona kwa macho yangu.

"Jamani, kazi safi!" akasema. "Huyu Mkaguzi wa Tatu mmemtoa wapi? Kasahihisha mambo matatu kwa siku moja."

"Ni mtu wa siku nyingi," Mwanafunzi akajibu, akiitazama kalamu yake.

"Mngewajua niliokuwa nao hapa! Kulikuwa na mama mmoja, mbishi huyo, acheni tu. Kila jambo 'haiwezekani, bosi', 'tuna haraka ya nini, bosi'. Miaka tisa ananichosha. Huyu wenu kwa miezi hii michache kamshinda mbali."

Mwanafunzi akakohoa. Wenzangu wakainamia vikombe vyao. Mimi nikajipa hongera kimoyomoyo kwa kujishinda.

"Leo pia haongei?"

"Mafua, bosi."

"Bado tu? Mpeni pole. Mwelekeo wetu ni afya."

Kisha uso wake ukakunjamana. "Mmesikia habari za yule mzee?"

Tulikuwa tumesikia. Hata huku magazeti yameandika. Mzee mmoja mstaafu, miaka sabini na moja, alikwenda kupima damu tawi la pili. Akarudi nyumbani na karatasi yenye muhuri inayosema ana mimba ya wiki tisa. Mzee naye hakulala nayo, aliipeleka gazetini. Picha yake ikatoka ukurasa wa mbele, karatasi mkono mmoja, mkono mwingine kaushika mgongo kama mtu aliyechoka kubeba. Siku hiyo hiyo dada wa miaka ishirini na minne alipigiwa simu na tawi lile akaambiwa awahi hospitali, tezi dume yake ina hali mbaya.

Hakuna aliyedhurika. Nchi nzima ilicheka wiki nzima. Asiyecheka alikuwa Mwelekeo, kwa sababu wakurugenzi walimuuliza swali na yeye hajazoea.

"Nataka ripoti," akasema. "Nani aliandika nini, mstari kwa mstari. Nataka jina. Ijumaa lazima nimsimamishe mtu mbele ya wakurugenzi."

"Mistari ya zamani anaisoma vizuri Mkaguzi wa Tatu," akadakia mmoja wa mezani, akitaka kunisifu. "Ajabu yake, anaisoma utadhani aliiandika yeye."

Mwanafunzi alimkata jicho, lakini neno lilikwisha kutoka.

"Basi apewe yeye," Mwelekeo akasema. "Na asimwonee mtu haya."

Kosa lenyewe nililipata kabla chai haijapoa.

Liko hivi. Kila chupa ya damu hubandikwa lebo yenye namba. Kabla lebo haijachapwa, mfumo hukagua kama namba hiyo imeshapewa mgonjwa mwingine. Sasa mstari mmoja, mmoja tu, ulikuwa umezima ukaguzi huo kwa tawi la pili. Bahati ilitubeba wakati tawi lilipokuwa na wateja wachache. Wateja walipoongezeka, namba zikagongana, na mzee akashika mimba.

Pembeni ya kila mstari mfumo huweka tarehe na jina la mtu ambaye mashine yake ilitumika. Pembeni ya mstari huu palikuwa na jina la wifi yangu.

Wifi ni mke wa kaka yangu. Mimi ndiye niliyemtafutia kazi kwenye kampuni ile, na mimi ndiye niliyempeleka nyumbani kwetu Jumapili moja, kaka akamwona akasahau kula. Siku ya kutufukuza walimbakiza yeye peke yake, awahudumie watu wa matawi mashine zikigoma. Kaka aliumia mgongo kazini miaka mitatu iliyopita na hawezi kuinua hata ndoo. Watoto ni watatu. Nyumba ile inasimama kwa kazi ya wifi, nguzo nyingine haina.

Na mstari ule hakuuandika wifi. Niliuandika mimi.

Nilikumbuka kila kitu palepale. Ilikuwa Ijumaa mchana, miaka miwili iliyopita. Mashine yangu ilikuwa kwa fundi. Wifi alikuwa amempeleka mtoto kliniki, mashine yake kaiacha wazi. Tawi la pili wakapiga simu wanalia: printa yao ni kuukuu, ukaguzi wa namba ukichukua sekunde mbili tatu inachoka kusubiri na kutema lebo tupu. Wagonjwa wamejaa hadi mlangoni. Nikakaa kwenye kiti cha wifi, nikazima ukaguzi. "Jumatatu nitaurudisha," nikajiambia.

Jumatatu nikamweleza wifi. "Usisahau," akasema. "Nisahau vipi?" nikamjibu. Nikasahau. Na hatukuandika popote, wala yeye wala mimi.

Msomaji, hapa ndipo pa kunitemea mate, kwa hiyo simama vizuri.

Ningeweza kuandika kwenye ripoti kwamba jina la mashine halithibitishi mwandishi. Kila mtu wa kazi yetu anajua hilo. Sentensi moja ingetosha. Sikuiandika, na sababu yake ni ndogo hadi naona aibu kuitaja: nilikuwa nasifiwa. Miaka tisa Mwelekeo hakuwahi kuniambia hata asante, na sasa alikuwa anasubiri kazi yangu kwa hamu. Nikataka ripoti hiyo iwe bora kuliko zote alizowahi kupokea. Nikataka ailambe.

Nikaandika kurasa kumi na nne. Niliandika kwa raha, nakwambia kweli. Ule mstari nikaupa ukurasa mzima. "Ni kazi ya mtu mvivu," niliandika. "Ukaguzi ulizimwa ili kuiridhisha printa kuukuu ya tawi la pili iliyokuwa ikitema lebo tupu, na mwandishi hakujisumbua kuurudisha." Nikaisoma mara mbili. Nikajipenda.

Jina la wifi sikuliandika kwa mkono wangu. Mfumo wenyewe ulilichapa kwenye jedwali, mimi nililiacha tu. Ndivyo nilivyojiambia, na nikajikubalia haraka, maana hakimu nilikuwa mimi.

"Huyu mama unamjua?" Mwanafunzi akaniuliza kabla ya kuituma.

"Nilifanya naye kazi."

"Una hakika ni yeye?"

"Si unaona jina?"

Akaituma.

Jumatano asubuhi Mwelekeo alikuwa anang'aa. "Hii ndiyo ripoti! Mtu hajawahi kukanyaga ofisi zangu, lakini kanieleza mambo yangu kuliko watu wangu! Mvivu! Neno lenyewe hilo hilo!" Wenzangu wakanipigia makofi ya kimyakimya chini ya meza. Nikainama kidogo, kama mwimbaji.

Mchana wa siku hiyo simu ikaita. Wifi. Nikatoka nikakaa kwenye ngazi. Pale chini walikuwa wanapakia magodoro kwenye gari.

Ujue kwamba nyumbani wote wanaamini nafundisha kompyuta chuoni. Siri ya chumba kile sikumwambia mtu.

"Wifi, uko darasani?"

"Nimetoka kidogo. Nyumbani wazima?"

"Wazima. Mgonjwa ni mimi." Akavuta pumzi. "Wifi, wamenipa barua. Ijumaa nasimama mbele ya wakurugenzi, nijieleze kwa nini nisifukuzwe. Mambo ya yule mzee mjamzito, wamenibandika mimi."

"Wewe? Jamani, kwa nini wewe?"

Hata mshangao niliuweka mahali pake. Kumbe nina kipaji.

"Kuna mkaguzi wao huko ng'ambo kaandika ripoti. Kanichambua, wifi, kanichambua hadi mifupa. Kaniita mvivu. Na jina langu liko pale kwenye mstari." Sauti ikakatika, ikarudi. "Wifi yangu, ile Ijumaa. Mashine yako ilikuwa kwa fundi, ukakaa kwenye kiti changu. Unakumbuka?"

Nikayatazama magodoro yakipakiwa.

"Wifi?"

"Nakusikia."

"Niandikie barua tu. Mistari miwili. Sema ni wewe uliyeandika siku ile kwenye mashine yangu. Wewe walishakufukuza, watakufukuza mara ngapi? Barua tu, wifi. Sitakuomba kingine."

Alikuwa na haki kabisa. Barua ile isingemgusa mtu yeyote huku. Ningeitia sahihi kama mwalimu wa chuo, ningeituma, basi. Mwelekeo asingejua hata niko nchi gani.

Lakini nilimwona akiisoma. Nilimsikia kabisa, "Si niliwaambia? Yule mama mbishi!" Miaka tisa ya kazi safi, halafu nikumbukwe kwa mimba ya mzee.

"Sikumbuki, wifi," nikasema.

"Hukumbuki?"

"Ni zamani mno. Nilikuwa nakaa kwenye mashine nyingi."

"Hata ile printa hukumbuki?"

"Printa gani?"



"Haya, wifi," akasema taratibu. "Kazi njema. Kaka yako anakusalimia."

Mwanafunzi alinikuta bado nimekaa kwenye ngazi na simu mkononi. Akaniuliza kulikoni, nikamwambia. Nilimwambia yote, maana nilihitaji mtu wa kunitukana, nikamchagua asiyejua kutukana. Nilijidanganya.

"Kwa hiyo kosa ni lako," akasema.

"Ni langu."

"Na ripoti ni yako."

"Ndiyo."

"Na yule niliyemuulizia, ukanijibu 'si unaona jina', ni wifi yako wa damu."

"Wifi si wa damu, ni mke wa..."

"Mwalimu!" Sijawahi kumsikia akipaza sauti. Hata wapakia magodoro walitazama juu. "Nilikuficha hapa nikiweka riziki ya watu mezani. Nilifanya hivyo kwa sababu nilidhani namjua mtu aliyenifundisha. Kaandike hiyo barua. Sasa hivi."

Nilikwenda kuandika. Naapa nilikaa nikaanza. "Mimi niliyetia sahihi hapa chini." Nikafuta. Nikaandika tena. Nikaenda kununua maji. Nikarudi, nikabadilisha ukubwa wa herufi. Mtu aliyeandika kurasa kumi na nne za kumpaka mwenzake matope alishindwa mistari miwili ya kumwosha. Jioni nikaifunga mashine nikijiambia kesho nitaamka na akili mpya.

Nikaamka na akili ile ile, na Mwelekeo akaniwahi.

"Saa nne kamili tuna kikao kifupi," ujumbe wake ulisema. "Mtuhumiwa ameomba kumuuliza swali aliyeandika ripoti. Nampa nafasi, asije akasema ameonewa. Dakika kumi, zisizidi."

Mwanafunzi akausoma kwa sauti. Chumba kizima kikanigeukia. Hakuna aliyeuliza kitu, kwa hiyo nilijua amekwisha kuwaambia.

"Una mafua," akaniambia, bila kunitazama.

"Nina mafua," nikasema.

Saa nne. Mwelekeo kushoto, ramani nyuma yake. Kulia, wifi. Alikuwa amevaa blauzi ya kola nyeupe, ile ya kwendea shuleni kuonana na walimu wa watoto. Mbele yake ripoti yangu, imechapwa, imepigwa mistari kwa kalamu nyekundu hadi pembeni. Amekonda. Miezi minne tu na amekonda.

"Habari za huko," akasema. "Sitawachelewesha. Nina swali moja kwa huyo mkaguzi."

"Mkaguzi hana sauti, ni mafua ya koo," Mwanafunzi akasema. "Ataandika, mimi nitasoma."

"Pole yake. Ukurasa wa tisa. Anasema ukaguzi ulizimwa ili kuiridhisha printa kuukuu ya tawi la pili iliyokuwa ikitema lebo tupu. Naomba kujua, alijuaje?"

"Alijua kwa sababu ni mtaalamu!" Mwelekeo akadakia.

"Bosi, nimepekua siku nzima na usiku. Kwenye mfumo mzima hakuna neno printa pale. Kwenye barua hakuna. Hiyo printa yenyewe ilitupwa jalalani mwaka mzima kabla hatujawajua hawa majirani. Tawini walijua lebo zinatoka tupu, basi; walioijua sababu ya kuzima ni watu wawili. Mmoja ni mimi. Wa pili nilimpigia simu jana mchana, akaniuliza printa gani."



Vidole vyangu vilikuwa juu ya vitufe. Ilinipasa kuandika kitu. Nilijua la kuandika, lilikuwa neno moja tu, "Mimi." Niliandika: "Nilikisia."

Mwanafunzi aliitazama sentensi ile kama mtu aliyepewa dawa chungu. Kisha akaimeza.

"Anasema alikisia."

"Alikisia," wifi akarudia.

Akainua macho kutoka kwenye karatasi. Kwenye skrini yake mimi ni kisanduku cheusi tu chenye maandishi Mkaguzi wa Tatu, lakini alikitazama kile kisanduku kama anavyomtazama mtoto aliyeiba sukari na bado ana sukari mdomoni. Nilimwona akielewa. Ilianzia kwenye macho, ikashuka mabegani. Nikasubiri alitaje jina langu. Lilikuwa mdomoni mwake, nililiona.

Mwelekeo hakumpa muda. Akapiga meza kwa kiganja.

"Unaona sasa! Watu wa ng'ambo wanakisia vizuri kuliko nyinyi mnavyokumbuka! Huu ndio mwelekeo wetu. Mimi nimeamua. Kesho wakurugenzi watatia sahihi barua yako, mama, na kiti chako nampa huyu Mkaguzi wa Tatu. Simtaki tena kwa kuazima. Aje akae hapa hapa, mlango wa pili kutoka wangu. Tarehe moja!"

Mtu mmoja mezani akaangusha kikombe.

"Bosi," Mwanafunzi akasema, "mkaguzi wetu bado ana mafua."

"Nina maabara nzima hapa! Tutampima!"

Wifi akacheka. Si kicheko cha kulia, alicheka kweli, akijifuta macho kwa kola ile nyeupe.

"Mleteni, bosi," akasema. "Hatawasumbua huyo. Hata choo hamtamwonyesha kilipo."

Mwelekeo naye akacheka sana, bila kujua anachekea nini. Ndiyo maisha yake.

"Haya, mkaguzi, washa kamera," akasema. "Siwezi kumwajiri mtu sijamwona. Koo ndilo linaloumwa, uso hauna mafua."

Mwanafunzi akanishika kifundo cha mkono chini ya meza, akakibana. Wenzangu saba walikuwa wananitazama. Dada wa mwisho mezani, aliyehama na mama yake mzazi kuja mjini kwa ajili ya kazi hii, alikuwa amefumba macho na midomo inamcheza. Nikizima kila kitu na kukimbia, wao wanabaki na kazi na wifi anakwenda nyumbani kuwaambia watoto. Nikiwasha, wifi ana shahidi wake, na chumba hiki hakitafunguliwa kesho.

"Mkaguzi?" Mwelekeo akaita. "Unatusikia?"

Wifi hakucheka tena. Aliikunja ripoti yangu mara mbili, akaiweka pembeni, akavuta kiti karibu na skrini na kusubiri pamoja na wengine.